Safu ya Tatu

Kiwanda cha karatasi kilinipa meza, taa,
na madaftari arobaini na moja ya Hilkka Tervonen,
aliyepima chaji juu ya karatasi inayokimbia
tangu vita vilipokwisha hadi goti lake lilipokataa ngazi.
Januari. Ziwa limeganda, malori yanapita juu yake.
Kazi yako ndogo, walisema: geuza vizio,
mnunuzi anataka kila kitu kwa mita.

Safu ya kwanza ni yake, penseli iliyolalia kushoto:
statikulombi kwa sentimita ya mraba.
Ya pili yangu: zidisha kwa tatu nukta tatu tatu sita,
andika maikrokulombi kwa mita ya mraba, funua.
Mbili inakuwa sita na ushei.
Nne, kumi na tatu na ushei.
Siku ya tatu mkono ulishaijua njia bila mimi.

Nilimuuliza Oiva wa maabara, namba hii imetoka wapi?
Akamenya chungwa kwanza.
Ni mwanga, akasema. Kasi yake imejificha mle,
kinyumenyume, kwa sababu wazee waliipima chaji
kwa jinsi inavyosukumana,
nasi tukaizoea kwa jinsi inavyotiririka.
Akala kipande. Na ukifika ishirini na sita na nusu, hivi,
hewa huchanika.

Tarehe tisa Februari, sitini na moja: 7.9.
Pembeni: "Hewa kavu kama mkate wa juzi. Nimemwambia meneja."
Nikazidisha. Ishirini na sita nukta tatu tano.
Nikanyanyuka, nikafunga dirisha lililokwisha fungwa.

Juma lililofuata: 1.7.
Na 1.7. Na 1.6. Na 1.7.
Karatasi ya meneja imebanwa hapo kwa pini yenye kutu:
Chaji imeshuka, shukrani kwa mashine mpya.
Brashi za shaba zinazoipeleka ardhini ziondolewe,
zinakwaruza karatasi.

Nami nikazidisha. Tano nukta sita saba.
Salama. Kurasa kumi na moja, salama, salama,
nikanywa kahawa juu yake.

Tarehe tatu Machi hakuna namba.
"Aulis. Mkono wa kuume. Chumba cha nta."
Kisha ukurasa mtupu,
kisha, kwa wino, yeye asiyewahi kutumia wino:
"Si sentimita. Si sentimita. Si sentimita."

Kifaa kipya kilitoka Ohio.
Maelezo yake yamekunjwa mara nne ndani ya jalada:
kinasoma kwa sehemu za bilioni
za abukulombi, kwa inchi ya mraba.
Abukulombi moja ni kulombi kumi.
Inchi ya mraba ni kama stempu ya barua.
Nikafanya taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani:
zidisha moja nukta saba kwa kumi na tano na nusu.

Ishirini na sita nukta tatu tano.

Haikushuka. Haikushuka hata nukta.
Ilibadili jina tu, nao wakaivulia kofia.

Nimefuta kurasa zangu kumi na moja.
Ufutio umeacha vumbi la kijivu, limenata mkononi
hata nilipopuliza; hewa ni kavu leo pia.
Oiva ameleta chungwa jingine bila kusema kitu.

Fomu ya mnunuzi ina safu mbili.
Nimeongeza ya tatu, nikahamisha maneno ya pembeni yote,
mkate wa juzi, meneja, nta,
na jina la Aulis peke yake kwenye mstari.
Kompyuta haikubali safu isiyo na kizio.
Ilimwekamweka, ikingoja.
Nikaandika: mkono.
Ikakubali.