Miezi Minne, Kanyenye

Nimeshuka Tabora na sanduku la mawe ya chuma,
la nusu kilo, la kilo, la tano, la ishirini,
kila jiwe na muhuri wake kiunoni.
Kazi yangu kupima mizani inayopima tumbaku,
toka soko la kwanza hadi mtumba wa mwisho.

Miezi minne, nikamwambia dalali.
Kapaya akajikuna shingo kwa ufunguo.
"Miezi minne ni mibaya, bosi.
Siku nne ningekupeleka gesti.
Miaka minne ningekutafutia kiwanja."

Kweli, hata wahenga walinisahau.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
halafu wakanyamaza.
Mwezi wa tatu apewe nini?
Wa nne, nani amsindikize, na hadi wapi?

Cheyo kulikuwa na marumaru, choo cha ndani,
na bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji.
Kodi ya miezi sita, kwa mkupuo.
Na ile miwili ambayo sitakuwepo?
Mwenye nyumba akatabasamu:
"Hiyo chumba kitapumzika."

Isevya mpangaji alikuwa bado ndani, anakula.
Tukakagua dari, tukagonga ukuta,
Kapaya akapima kwa hatua pa kuweka kitanda,
naye kaikumbatia sahani yake ya ugali, magoti pamoja,
akatuambia, "Karibuni."
Sikukitaka tena chumba kile.
Hiyo karibuni imenikaa kooni mpaka leo.

Ng'ambo sina la kusema. Mashine ya kusaga,
ukuta kwa ukuta. Unga juu ya neti.

Saa kumi na moja, jua limeshaegemea reli,
Kapaya anadai elfu kumi yake ya kuonyesha
na miguu yangu imeanza kudai yake,
ndipo tukamkuta Bi Kalekwa anaanika matobolwa
juu ya bati la banda la kuku.
Hakuuliza kazi yangu, wala dini, wala mke.
Alisema geti ni saa nne.
Alisema luku tunachanga, mwenye pasi achange mara mbili.
Alisema kuna shati kwenye msumari, nyuma ya mlango,
shati lile lisiguswe.

Chumba cha Mihayo, mwanawe.
Kalenda ya chama cha msingi, imeishia Agosti,
mwaka sikuusoma.
Kitanda cha mninga kizito kuliko wanaume wawili.
Shati la buluu, kola imegeuzwa na kushonwa upya,
kama anayelivaa atarudi saa hizi hizi.

"Alikwenda Mpanda," akasema Bi Kalekwa,
"naye aliniambia miezi minne."
Akageuza kipande cha kiazi upande wa pili.

Nikatoa noti. Akazihesabu mara mbili,
akanirudishia elfu moja: "Ya chumvi."
Ya mwezi mmoja tu alipokea.
Mwezi ukiisha, akasema, tutaonana.

Usiku nikadondosha betri ya tochi.
Ikabingirika yenyewe, polepole, hadi kizingitini.
Nikatoa pimamaji yangu, mazoea ya kazi:
sakafu imeinama vidole viwili kuelekea mlangoni,
kama nyumba iliyozoea kuondokewa.

Kila nikigeuka kitanda kilinong'ona kwa mguu mmoja.
Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa macho,
alikohoa, akaacha, akasikiliza.
Nikafikiri anavyousikia mguu ule,
baada ya muda ambao sikuuliza.

Nikafungua sanduku.
Jiwe la nusu kilo ni bapa, linatosha kiganjani.
Kulitumia kwa lolote lisilo mizani ni kosa,
faini yake naijua, nimewahi kuitoza.
Nikalisukuma chini ya mguu wa kitanda.

Kikakaa sawa.
Ng'ambo ya ukuta, Bi Kalekwa akazima taa.