Mtondogoo

Bi Verna aliahidi kuja na visu vyake.
Saa mbili asubuhi akapiga simu: goti limevimba,
gari haliwaki, barabara yote barafu.
"Maji mmeshayavulia nguo," akasema, "yaogeni,"
akakata.

Basi tukasimama uani, sisi wanne,
na sufuria inayofuka, na ndoo tatu,
na koni ya bati niliyoipigilia kwenye nguzo,
na karatasi ya marehemu mama yake Halyna,
mwandiko wa penseli, doa la mafuta pembeni:
*Maji yaume kidole, yasichemke.
Nyongo usiipasue.
Ukiipasua, usimwambie mtu. Osha haraka.*

Kuku kumi na moja, wa mwaka wa tatu.
Wametaga mpaka wamechoka,
na baridi ya Saskatchewan hailishi wastaafu.
Tulipiga hesabu mezani usiku mmoja,
chakula cha gunia huku, mayai kule,
tukaifunika daftari bila kutazamana.

Mimi ndiye niliyejisifu. Nimewahi kuangusha kulungu,
nikasema, kuku ni nini?
Wa kwanza nilimkumbatia. Moyo wake
ulikimbia kiganjani mwangu kama cherehani,
na mkono wenye kisu ukagoma.
Halyna hakucheka. Alikichukua kisu
kama anavyochukua kikombe cha chai nilichokisahau kikapoa,
akafanya kazi.
Kisha akaenda nyuma ya tangi la dizeli, akatapika,
akarudi akifuta mdomo: "Leteni wa pili."

Myron, miaka saba, kazi yake kuwatoa bandani.
Kila mmoja alimwomba radhi kwa jina lake.
Kufikia wa sita ilikuwa samahani tu, bila jina.
Wa tisa alimleta akipiga mluzi.
Halyna akanitazama mimi, si yeye.

Na manyoya! Hakuna aliyetuonya juu ya manyoya:
kwenye nyusi, ndani ya soksi, juu ya chai.
Wa tatu tulimchovya mno, ngozi ikachanika.
Wa nne hatukumchovya vya kutosha,
tukamnyonyoa kwa kucha, unyoya kwa unyoya,
huku bukini wa porini wakipita juu kuelekea kusini,
wanapiga kelele, hawatazami chini.
Nyongo niliipasua mimi.
Sikumwambia mtu. Niliosha haraka.

Odarka, miaka kumi na miwili, ambaye tulimhofia,
ndiye aliyeingiza mkono bila kuambiwa.
Alitoa firigisi, akaipasua, akakuta changarawe
na kifungo changu cha shati la arusi.
Alitoa maini, yote, mazima.
Kisha akanyamaza.
"Baba, njoo."

Kwenye kiganja chake: yai moja lenye gamba, bado vuguvugu,
na nyuma yake viini vitupu, vimepangana,
kikubwa, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi,
cha mwisho hakizidi punje ya dengu.
Alivigusa kimoja kimoja kwa kidole chenye damu:
"Hili la leo. Hiki cha kesho.
Keshokutwa. Mtondo."
Akasita juu ya ile dengu.
"Mtondogoo."

Tulidhani wamechoka.
Hesabu yetu ilisema wamechoka.
Hakuna aliyesema kitu; maji yalikuwa yanapoa,
na bado walibaki wawili bandani.

Wale wawili hatukuwagusa. Sitasema ni huruma.
Jua lilikuwa limeshazama, na vidole havifungi tena.

Usiku Halyna alivitumbukiza viini kwenye supu,
kama mama yake alivyofanya, na bizari, na viazi.
Nyama ilikuwa ngumu. Tulitafuna kimya.
Myron aliomba kijiko cha pili,
akaipata ile dengu, akaiweka ulimini,
akatuonyesha, akameza.

Siku ya nne theluji ilianguka.
Nilitoka alfajiri na ndoo ya kumi na moja,
mkono haujajifunza bado.
Wale wawili walikula walichoweza.
Chini ya mmoja wao palikuwa na yai.
Nililishika mpaka likapoa.