Hesabu za Mwenye Gari wa Kwanza

Mwalimu Mishi Nyamawi alilileta gereji Magongo saa nane mchana,
jua limekaa juu ya mabati kama mdai.
"Fundi," akasema, "halina mngurumo, halina moshi,
na sasa karibu halina safari.
Nalichaji usiku kucha. Mtopanga hadi skuli, nirudi,
nipite sokoni Kongowea, basi, lishaanza kuniomba."

Tukalifungua. Karisa, mwanagenzi wangu, ni mtu wa kubonyeza.
Akabonyeza kitufe chenye picha ya kiti na mistari ya mvuke,
akakaa, akapiga soga, kisha akaruka:
"Fundi! Kiti kinanipika!"
Akabonyeza cha pili, usukani nao ukapata homa.
Tulicheka mpaka mama wa mahamri akavuka barabara kuuliza kuna nini.

Lakini mimi nilikuwa nimeshachungulia chini.
Betri imevikwa hita,
hita ya kweli, nyaya zimeshonwa kwa subira,
blanketi la mtoto.
Feni? Hakuna. Tundu la upepo? Hakuna.
Aliyelichora aliota usiku wa theluji, akaamka, akachora.
Hakuiota Februari ya Mombasa
ambapo hata kivuli hutafuta kivuli.

Mfukoni mwa mlango, kipande cha plastiki,
bapa, kina meno upande mmoja.
Karisa akadhani cha kupakia siagi.
"Cha kukwangulia barafu kiooni," akasema mwalimu.
Barafu. Kiooni.
Tukakitazama kama mgeni aliyeshuka Kilindini na koti la sufi.

Na ndani ya kitabu cha maelekezo, ukurasa wa mwisho,
mkono wa mtu, kalamu ya risasi.
Herufi zake hatukuijua hata moja,
ila namba ni namba. Mwalimu wa hesabu akavaa miwani.

10, akasoma, 131.
11, 118.
12, 96.
1, 83.
2, 79.
Kisha 3, 99.
4, 127.

Akanyamaza.
"Hii ni miezi, fundi. Na hizi ni kilomita."

Basi tukamwona, asiye na jina wala sura,
anatoka alfajiri, kitasa kimelala ndani ya bati kwa urembo,
kimeganda, hakishikiki,
anakigonga kwa ngumi.
Kifuniko cha chaji kimenata. Kioo hakishuki.
Anaingia, na hapo lazima achague:
miguu ipate joto, au afike?
Gari la petroli humwaga joto bure, jirani mwenye mkono mpana.
Hili halina la kumwaga. Kila pumzi ya joto
ni kilomita iliyoliwa.

Lakini mwezi wa nne zilirudi.
Nilitafuta maneno ya kumwambia mwalimu, nikayapata hapo:
baridi hukopa.
Hukopa kwa ubabe, bila hodi,
ila siku ikifika hulipa.
Joto letu halikopi.
Joto letu huchukua, kichele kichele, huku linakuchekea,
na halina habari ya kurudisha.

Sikumtoza kitu. Nikamwambia: liegeshe kivulini,
chaji usiku, usilishibishe, liache na nafasi tumboni.
Akachomoa kalamu, akaandika chini ya safu ya yule mtu:
2, 74.

Kikwangulio kilibaki. Mama wa mahamri alikiomba,
anasugulia karai, asema hajapata kuona chuma kikitii hivi.

Mwezi wa nne mwalimu akapita,
masika imeanza, maji yanatembea barabarani, mji umepoa kidogo.
"Zimerudi?" nikamuuliza.
Akanifungulia ukurasa.
3, 73.
4, na mbele yake pako wazi.
"Leo," akasema, akifuta matone kwenye miwani,
"sitaki kuhesabu."