Tangazo la Mlangoni

Nilianguka Gofu, penye reli.
Baiskeli ikaenda kwake, kreti la mikate kwake,
nami nikaukalia mkono wangu wa kushoto.
Mikate ishirini na miwili. Niliihesabu kabla ya maumivu.

Bombo, mlango wa eksirei, pana tangazo,
wino wake mwekundu umepauka ukawa waridi:
KAMA UNA MIMBA AU UNADHANI UNA MIMBA
MWAMBIE MHUDUMU.
Nililisoma lote, hadi muhuri.
Sikuwa nayo. Sikudhani.
Nikaweka kiganja juu ya ubao baridi
kama mtu anayeapa.

Siku kumi na tisa baadaye
kijiti cha duka la dawa kikachora mistari miwili.
Nikaiendea kalenda ya benki ukutani,
nikarudi nyuma kwa kidole, mraba kwa mraba:
Jumanne ile ya mikate ilikuwa ndani ya hesabu.
Alikuwamo. Mdogo kuliko punje ya ufuta,
nami nilimpitisha mlangoni bila kumtaja.

Mama Zawena wa Barabara ya Kumi na Tano
alininong'oneza, kwa huruma kabisa:
"Mionzi huunguza. Itoe mapema, mwanangu."
Mume wangu akachukua spana,
akaanza kuinyoosha rimu aliyokwisha kuinyoosha.

Usiku nikaiinua picha mbele ya balbu.
Mifupa yangu, ufa mwembamba kama unywele,
pete ikielea, kidole hakina nyama.
Nikamtafuta.
Eti nikamtafuta kiganjani.

Bwana Semkiwa, mpiga picha, alinivutia kiti.
"Kaa ulivyokaa siku ile." Nikakaa. Nikanyoosha mkono.
"Mionzi ilishuka hapa," akagonga meza,
"na tumbo lako liko kule.
Kilichokufikia huko hakifiki
kile ambacho udongo na mawe na anga
huupa mwili wako kwa siku moja, nawe umelala.
Na ukizima taa, mwanga haubaki ukutani.
Ingekuwa nyonga, tungekaa tukapiga hesabu,
na hata hapo, mara nyingi hesabu hutoka njema."

"Kwa hiyo atazaliwa mzima?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.
"Hilo siahidi. Si langu kuahidi, kwako wala kwa mama yeyote.
Nakuambia hivi: akiwa na lolote,
halikutoka chumbani humu.
Usitoe mtoto kwa sababu ya picha ya mkono."

Hofu haikuniaga. Ilisogea tu,
kama abiria anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Nje, korido ilikuwa tupu, inanuka dawa ya sakafu.
Nikalisoma lile tangazo tena, neno kwa neno,
bandeji yangu ikiwa juu ya kitovu.
"Ninayo," nikaliambia.