Kilima cha Shangazi Steinvör

Kionjo kimetoka jana usiku, dakika mbili na nusu.
Nimekitazama mara nane kitandani, simu puani,
na mara ya tisa nikaisimamisha picha:
kile kilima nyuma ya mfalme,
chenye kovu la mawe upande wa kushoto,
ni kilima cha shangazi Steinvör.
Hapo nilivunjika mkono nikiwa na miaka kumi na mmoja
nikimkimbiza kondoo mkaidi.
Wamefuta uzio. Wamefuta kondoo.
Wamefuta na kibanda cha bati chenye trekta bovu,
wakatundika miezi miwili angani, na joka.

Joka! Tena?
Mwaka huu nimehesabu majoka kumi na moja,
na wote wanatokea kulia, wanakunjua mbawa, wanatema,
jina la filamu linawaka kwa herufi za chuma,
ngoma inapigwa, du, kimya, du,
kisha bibi mwenye jicho jeupe ananong'ona
kuwa unabii umetimia.
Unabii upi, bibi?
Hata makalio hayajapata joto kitini.

Zamani kionjo kilikuwa cha kuonja.
Ulipewa kijiko, ukalamba, ukaondoka na njaa yako.
Siku hizi wanakumiminia chungu kizima:
nani atakufa, nani ni baba wa nani,
upanga umefichwa wapi.
Nafika sinemani nimeshiba, nacheua.

Ketill, anayeonyesha filamu katika ukumbi wetu hapa Akureyri
(viti mia na arobaini, kimoja kina springi inayouma),
huniambia, "Wewe hulalamika,
na kila Ijumaa uko mlangoni kabla sijawasha taa."
Kweli. Natukana huku nakata tiketi.
Mapenzi gani hayana matusi?

Maana nimewahi kuvumilia ubaya wa saa tatu
kwa ajili ya sekunde nne.
Ile ya Februari, ya ufalme wa chumvi,
mbovu, mbovu kabisa,
malkia anaongea kama tangazo la benki,
lakini kuna mahali kijakazi anamlisha joka aliyefungwa
kipande cha samaki,
na mkono wake unatetemeka,
na joka anangoja mkono utulie
ndipo anapokea.
Hakuna ngoma. Hakuna unabii.
Ukumbini mtu mmoja aliacha kutafuna bisi.
Nimeirudia mara mbili kwa ajili ya samaki yule.

Jumapili nikampelekea shangazi simu.
Ana miaka themanini na miwili, miwani yake imeungwa kwa plasta.
Akatazama ufalme mzima ukiteketea juu ya malisho yake,
akauliza jambo moja tu:
"Kondoo wangu wako wapi?"
Nikamweleza habari za kompyuta.
Akasema walimlipa awafungie zizini siku tatu,
wala hawakunyamaza hata usiku mmoja,
na kwamba kijana mmoja wa sauti, mpole, mwenye mafua,
alikaa nao zizini akiwa na kinasa sauti
kilichofunikwa manyoya kama paka.

"Rudisha nyuma," akasema. "Ongeza sauti."
Nikaongeza. Joka akafumbua kinywa.
Shangazi akapiga goti lake kofi:
"Huyo si joka! Huyo ni Brúsi,
dume langu jeusi, anadai nyasi zake!"
Akacheka hadi akavua miwani.

Sijui kama ni kweli.
Nimesikiliza tena nikiwa peke yangu, gizani, mara ya kumi na ngapi sijui,
na chini ya moto, chini ya ngoma na vioo vinavyovunjika,
kuna kitu kinalia kwa njaa, njaa ya kawaida,
njaa ya saa kumi na mbili asubuhi kwenye theluji.

Filamu inatoka Novemba.
Itakuwa mbovu, naapa.
Nimeshamwambia Ketill aniwekee tiketi mbili,
na shangazi asikalishwe kwenye kile kiti cha springi.