Kanuni Ishirini na Tano

Kisanduku cha zamani kilijua maneno mawili tu.
Ndiyo: klak. Hapana: klak.
Juu ya paa la bwawa la kuogelea la Arbroath
paneli sitini zililala chali kuelekea kusini,
na wingu likipita, klak,
wingu likipasuka, volti zikapanda kwenye gridi, klak,
mara arubaini na moja kabla ya chakula cha mchana.
Nilihesabu mwenyewe, soksi zimelowa.

"Kinanikera," alisema Ishbel Rennie, mwangalizi wa bwawa.
"Kama mtoto anayechezea swichi."

Nikamwomba anifundishe anga.
Miaka thelathini na miwili anaufungua mlango huu
saa kumi na moja alfajiri;
hakuwa na takwimu, alikuwa na dirisha.
Alisema: kuna jua la maziwa yaliyoenguliwa mtindi,
kuna jua la kuanika taulo,
kuna lile la Aprili, jongo,
linalokuvua koti kisha likakucheka.
Na kuna ukungu wa Bahari ya Kaskazini
unaoingia mjini bila hodi, ukinusanusa
mabanda wanakobanika samaki,
hata pua isijue upi moshi, upi ukungu.

Nikaandika. Kwa Kiswahili, pembezoni mwa daftari,
maana lugha yangu imeizoea kazi hii:
haba, kiasi, si haba, tele, pomoni.
Wapi manyunyu huisha, rasharasha ikaanza?
Hapana ukuta pale. Pana mteremko.
Jua la leo ni haba kwa sehemu sita,
ni kiasi kwa sehemu nne,
na majina hayo mawili hayagombani.

Kama nguvu inapungua kidogo, tena polepole,
sogeza kidogo.
Kama imepungua sana, ila imeanza kutulia,
subiri, acha pupa.
Kama volti zimekaribia kikomo,
mtaa mzima uko kazini, hakuna anayechemsha birika,
usizime: legeza.

Jedwali la tano kwa tano,
na kila kanuni husema kwa kadiri ya ukweli wake;
yenye ukweli mdogo hunong'ona,
nayo husikilizwa.
Mwishoni natafuta pale ambapo maneno yote
yanakaa sawa juu ya kidole kimoja.
Hapo ndipo namba.

Mkuu wangu, kutoka Glasgow, aliuliza: "Una hakika?"
Nikamtumia mchoro wa siku tisa.
Akajibu: "Sawa kwa sasa."

Jumanne mawingu yalipita vipandevipande, upesi.
Mstari kwenye skrini ukapanda, ukainama, ukapanda.
Ishbel akashuka ngazi mbio, na mguu wake ule mbaya:
"Mbona kimya? Kimekufa?"

"Hapana. Kinafanya kazi."
"Vizuri?"
Nikafikiri.
"Vizuri kwa sehemu nane."

Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei akapewa hadithi.
Kisha akainama kwa shida ukingoni,
akachovya kiwiko majini,
kipimajoto kikining'inia ukutani, hakuna anayekitazama,
akasema neno moja la kwao
ambalo mpaka leo sijui kama ni vuguvugu
au ni baridi iliyokwisha kukata tamaa,
akaenda kuwafungulia watoto mlango.