Ndoo

Nilikataa visikizi.
Pale mezani pa usajili walinikabidhi, vyeusi, na waya wake,
nikavirudisha: mimi Adelina Bigirwa wa Kigoma,
Kiswahili nimekinyonya pamoja na mawese.
Wapeni wageni.

Na wageni walikuwepo, wakunga arobaini na mmoja:
Delfina wa milima ya Bolivia,
kofia haimtoki kichwani hata mbele ya sinia;
Saltanat wa Kazakhstani, jina zito la enzi,
aliyepewa kikombe cha kahawa tungu
akasukutua, akatafuta pa kutemea.
Niliwaonea huruma.

Asubuhi, Mkomani, nyumba tuliyopangiwa,
mwenyeji wetu Barke Shee alisimama juu ya ngazi,
akaniita: "Ndoo!"
Nikatazama huku na huku.
Kando ya birika ilikuwepo moja, ya bluu.
Nikampandishia.
Akaitazama. Akanitazama mimi.
"Ndoo," akarudia polepole, kama anayemsemesha mtoto.
"Si hii, mama? Ina ufa kidogo."
Alicheka mpaka akashika ukuta.
Nami nikacheka, kicheko cha kulipa nauli.
"Wateka?" akaniuliza.
"Niteke wapi? Kisima sijaonyeshwa."

Jioni nilivifuata visikizi, kichwa chini.
Mkalimani akanisikitikia:
humu mna Kispania, mna Kirusi, mna Kifaransa.
Kiamu cha Barke hakimo.

Mengine hayakuchekesha.
Siku ya pili niliukanyaga msala kwa viatu.
Hakuna aliyesema neno.
Barke aliukung'uta, akaukunja,
na kimya kile nilikielewa chote.
Nikatoka kwenda kutembea, nikapotea;
vichochoro vya pale, ukikutana na punda
lazima mmoja wenu arudi nyuma,
na punda harudi.
Nilisimama nimebana mgongo ukutani,
nikiutamani ugali wa muhogo, dagaa,
na mtu mmoja tu wa kuniita Ade.

Aliyenikuta ni Saltanat.
Naye alikuwa amepotea.
Hatukuwa na neno hata moja la pamoja,
ila alinyoosha vidole viwili, akavitanua, akainua nyusi.
Nikanyoosha vitatu. Akatanua zaidi.
Nne. Sita. Kumi!
Tukapiga makofi pale kichochoroni,
wanawake wazima wawili tumezalisha hewa,
na mtoto mmoja dirishani akamwita mamake aje kutuona.

Usiku wa tatu mlango uligongwa.
Mpwa wa Barke, kule Langoni, uchungu umemshika,
na mwendo wa hospitali umeshampita.
Sauti ikapanda ngazi: "Ndoo!"
Nikaja.
Nilipofika mlangoni nikarudi mbio
nikaichukua na ile ya bluu,
maana mkunga yeyote anajua.

Sitasimulia ya ndani; ni ya mwenyewe mvyazi.
Nitasema tu kwamba Delfina alivua kofia,
kwamba Saltanat alimnong'oneza maneno ya kwao
na yule binti akawa anaitikia, ee, ee,
kwamba kifundo changu cha mkono kina alama ya kucha hadi leo.
Kabla ya adhana mtoto alitoka, akatukunjia uso,
kisha akafumbua.
"Mato," alisema Barke.
Mato, tukasema sote, kila mmoja kwa ulimi wake mbovu.

Cheti changu cha kongamano kimeandikwa Andelina Bigwira.
Nimekiacha hivyo.

Siku ya kuondoka Barke alinifungia mikate ya mofa,
akaitia ndani ya ile ndoo, akafunika kanga.
Kule Mokowe, kabla ya basi, askari akapekua mizigo.
Mkoba, sawa. Pasipoti, sawa.
"Na hili dude lenye ufa, walivusha mpaka la nini?"
Ni mwaliko, nikamwambia.
Akaigonga, akaiinua juani, akachungulia kwenye ule ufa,
akachukua mkate mmoja,
akanipitisha.